MAARIFA YA NYUMBANI: Simu iliyoachwa na kiwanda chake

Leo twataka kusema habari ya ugonjwa mmoja wa simu ambao wajulikana katika kila mtaa. Simu yawashwa asubuhi. Alama ya kiwanda yatokea juu ya kioo. Kisha kioo chazimika, alama yatokea tena, yazimika tena, na hivyo hivyo mpaka betri yakwisha. Simu hiyo haikuanguka chini wala haikuingia maji, na kioo chake ni kizima. Watu wa nyumba wasema: «Imekufa.» Kijana mwenye haraka asema: «Nipeni, nitaiflashi.» Naye jirani asema: «Itupeni, mnunue nyingine.»

Maneno hayo matatu yaweza kuwa kweli, tena yaweza kuwa uongo. Yatupasa kujifunza kuyapambanua, maana ndani ya simu ile mna mali: picha za marehemu baba, namba za ndugu walio mbali, masomo ya mtoto. Wengi wahofu pia kwamba fedha zao zimo humo. Hapo niwatulize mara moja. Fedha za simu hazikai ndani ya simu. Zakaa katika daftari la kampuni ya mtandao, nazo zafuata namba yenu. Toeni kadi ya namba, itieni katika simu nyingine, mtaziona fedha zenu. Lakini picha na maandiko hayana daftari jingine, isipokuwa mmeyanakili mahali pengine. Hayo ndiyo yaliyo hatarini.

Simu ina mwili, tena ina mafundisho

Mwili wa simu ni kioo, betri, waya na vile vidude vidogo viitwavyo chipu. Lakini mwili peke yake haujui kitu. Kiwanda huandika ndani yake mafundisho ya kwanza, yaani programu ya msingi, ambayo mafundi huiita firimwea. Simu isiyo na mafundisho hayo ni kama daftari tupu.

Tazameni shule ya bweni wakati wa alfajiri. Mlinzi aamka wa kwanza, na kazi yake ni moja tu: kwenda kumwamsha msimamizi. Msimamizi awasha taa na kufungua milango. Kisha mkuu wa shule afika, atazama kila mtu kama ni wa shule yake kweli. Ndipo walimu waingia madarasani, na kazi ya siku yaanza.

Simu nayo huamka hivyo hivyo. Mlinzi ni programu ndogo iliyochomwa ndani ya chipu kiwandani. Hakuna awezaye kuibadilisha. Msimamizi ni programu ya pili, ambayo huiamsha kumbukumbu ya kazi. Mkuu wa shule ni programu ya tatu: ndiye aonyeshaye alama ya kiwanda, na ndiye akaguaye sahihi ya wanaomfuata. Walimu ni kiini kiitwacho Linux, kilichoanzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds. Na juu ya kiini hicho ni Android, ambayo simu ya kwanza ya kutumia programu hiyo iliuzwa mwaka 2008.

Mkielewa mfano huu, mwaweza kupima ugonjwa. Simu inayokwama penye alama ya kiwanda ni shule ambayo mlinzi, msimamizi na mkuu wameamka, lakini walimu hawaingii. Hiyo haijafa, na mara nyingi hupona. Simu yenye kioo cheusi kabisa, isiyotikisika wala kutoa alama, ni jambo zito zaidi: yamkini betri imekwisha, au kioo kimeharibika, au msimamizi mwenyewe hayupo.

Kabla ya kumwita fundi

Kwanza, tieni simu katika chaja muda wa saa nzima, kwa waya mwingine ulio mzima. Betri dhaifu huweza kuizima simu katikati ya kuamka, nasi tukadhani ni ugonjwa wa programu.

Pili, toeni kadi ya namba na kadi ya kuhifadhia vitu, mjaribu tena kuiwasha. Kadi mbovu huisumbua simu nzima.

Tatu, izimeni, kisha bonyezeni pamoja kitufe cha kuwashia na kile cha kuongeza sauti. Simu nyingi za Android hufungua hapo ukurasa mweusi wa matengenezo. Mstari mmoja wa ukurasa huo huiwasha simu upya. Mwingine, katika simu nyingine, hufuta akiba ya muda tu, na huo hauna hatari. Lakini upo mstari wa kufuta vyote na kuirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani. Msiuguse huo kabla ya kufikiri. Simu zilizotoka kiwandani na Android 10 ya mwaka 2019, au na matoleo ya baadaye, hufunga vitu vyote kwa ufunguo wa siri. Ufunguo ukifutwa, hata fundi hodari hawezi kuzirudisha picha zenu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa nini kiwanda huiacha simu

Simu ikiwa mpya, kiwanda huitumia matengenezo kwa njia ya mtandao: kasoro huzibwa, milango ya wezi hufungwa. Baada ya miaka michache, matengenezo hukoma. Simu yafanya kazi bado, lakini ni kama yatima.

Sababu ni kwamba simu moja ina mabwana watatu. Wa kwanza ndiye atengenezaye chipu. Wa pili ndiye aunganishaye simu na kuandika jina lake. Wa tatu ni Google, atoaye Android. Mwenye chipu akiacha kuandika programu za chipu yake kwa ajili ya Android mpya, mwenye simu hushindwa kuendelea, au huona kwamba gharama ni kubwa kuliko faida. Naye hupenda zaidi kuuza simu nyingine.

Je, ni lazima iwe hivyo? Tuangalie jambo moja lililotokea Uholanzi, ambalo latuhusu sisi watu wa Congo kwa karibu. Mwaka 2010 watu wa Amsterdam walianza kampeni juu ya madini ya nchi yetu yaliyomo ndani ya simu. Mwaka 2013 kampeni hiyo ikawa kampuni, jina lake Fairphone. Katika simu yao ya kwanza walitia bati ya Kivu ya Kusini na tantali ya Katanga, kutoka migodi waliyohakikishiwa kwamba haiwalishi wenye silaha.

Simu yao ya pili, Fairphone 2, ilitoka Desemba 2015, ikiwa na Android 5 na chipu ya Qualcomm iitwayo Snapdragon 801. Punde Qualcomm haikuendelea kuisaidia chipu ile kwa Android 7. Kwa kawaida ya biashara, hadithi ingeishia hapo. Lakini wahandisi wa Fairphone, wakisaidiwa na kazi ya watu wa kujitolea, waliandika wenyewe yaliyokosekana. Mwaka 2018 simu ile ilipata Android 7. Mwaka 2021 ilipata Android 9. Mwaka 2022 ilipata Android 10. Matengenezo ya mwisho yalitoka mwaka 2023, miaka saba na zaidi tangu siku ya kwanza.

Basi, twajifunza nini? Kuachwa kwa simu si sheria ya maumbile, kama mvua na kiangazi. Ni uamuzi wa wanadamu, na wanadamu wengine waliamua vingine. Kobalti ya betri zilizomo mifukoni mwa watu wa dunia yote, zaidi ya nusu yake yatoka katika ardhi ya Congo, nayo huchimbwa kwa jasho. Tukiitupa simu nzima kwa sababu ya mafundisho yaliyoharibika, twalitupa jasho hilo pia.

Jina la nje na namba ya ndani

Tumrudie sasa yule kijana mwenye haraka. Neno «kuflashi» maana yake ni kuandika upya programu ya msingi ndani ya simu kwa msaada wa kompyuta. Kazi hiyo ni njema. Lakini dawa ya mgonjwa mmoja yaweza kumwua mgonjwa mwingine.

Simu mbili zaweza kuwa na jina moja juu ya sanduku, na rangi moja, nazo zikatofautiana ndani. Moja ina chipu ya MediaTek ya Taiwan. Nyingine ina chipu ya UNISOC ya Shanghai. Au chipu ni ile ile, lakini kumbukumbu ni ya aina nyingine, au kioo kimetoka kiwanda kingine. Kwa hiyo fundi mwenye busara hasomi jina la biashara tu. Asoma namba ya modeli iliyoandikwa mgongoni, chini ya betri au juu ya sanduku. Auliza toleo la programu iliyokuwamo. Na mwisho aiunganisha simu na kompyuta ili chipu yenyewe ijitaje.

Kila chipu ina mlango wake. Simu za MediaTek hufunguliwa kwa programu iitwayo SP Flash Tool, zile za UNISOC huhitaji faili moja kubwa lenye mkia wa «.pac», zile za Qualcomm zina mlango uitwao EDL, nao wadai programu iliyotiwa sahihi ya kiwanda. Ajaye na ufunguo wa nyumba nyingine hawezi kuingia, au huivunja kufuli.

Kazi ya fundi, hatua kwa hatua

Tutwae mfano wa MediaTek, maana simu nyingi za bei ndogo katika Afrika zina chipu hiyo.

Hatua ya kwanza: kusoma kabla ya kuandika. Ghala la simu limegawanywa kama mashamba. Shamba moja ni la programu ya kuamsha, jingine ni la kiini, jingine la Android, jingine la vitu vya mwenye simu. Faili dogo la maandishi laonyesha kila shamba laanza wapi na ukubwa wake. Fundi mwema kwanza anakili mashamba ya simu ile ile iliyo gonjwa, ayaweke salama katika kompyuta. Akikosea baadaye, ana mahali pa kurudia.

Hatua ya pili: kulinda shamba liitwalo NVRAM. Humo mna vipimo vya redio ya simu na namba yake ya IMEI. Namba hiyo ina tarakimu 15: nane za kwanza zataja aina ya simu, sita zinazofuata zaitaja simu yenyewe, na ile ya mwisho ni ya kuhakikisha hesabu. Simu iliyopoteza namba hiyo yaweza kuwaka vizuri, kioo chang'aa, lakini haipati mtandao. Nayo mara nyingi hupotezwa na chaguo moja katika SP Flash Tool: lile la kufuta mashamba yote kabla ya kuandika. Wenye haraka hulichagua kwa sababu lafanya kazi ya kufagia. Kumbe lafagia na cheti cha kuzaliwa.

Hatua ya tatu: kuandika shamba lililoharibika tu. Simu yakwama penye alama? Basi msimamizi ni mzima. Hakuna haja ya kumwondoa. Huyo msimamizi ana orodha ya kumbukumbu anazozijua. Ukimleta msimamizi wa modeli nyingine, naye haijui kumbukumbu ya simu hii, hawezi kuwasha taa. Hapo simu iliyokuwa ikikwama tu yawa nyeusi kabisa. Yabaki kumfikia yule mlinzi wa ndani ya chipu kwa kubonyeza vitufe vya sauti huku waya ukichomekwa, au kwa kuifungua simu na kugusisha nukta maalumu kwa sindano. Yawezekana, lakini ni kazi ya mabingwa.

Hatua ya nne: kuandika huku betri ina nguvu ya kutosha na umeme wa kompyuta ni wa kuaminika. Katika miji yetu umeme ukatikao hauhitaji maelezo. Kompyuta ya kubebeka yenye betri yake ni bora kuliko ile ya mezani.

Lakini kama kiwanda kimeacha modeli hii, na faili lake halipatikani? Njia njema ni kutafuta simu nzima ya modeli ile ile kabisa, yenye toleo lile lile, kunakili mashamba yake ya programu na kuyaandika katika ile gonjwa. Shamba la NVRAM halinakiliwi hata kidogo, kwa maana simu mbili hazipaswi kuwa na namba moja. Toleo nalo liangaliwe sana, maana simu nyingine hukataa toleo lililo la zamani kuliko lile zililokuwa nalo.

Mazungumzo mezani pa fundi

MAMA: Bwana Fundi, simu hii yakwama. Je, waweza kuiponya bila kufuta picha zangu?

FUNDI: Mama, sitaahidi nisilolijua. Nitajaribu kwanza kuandika programu bila kugusa shamba la vitu vyako. Ikishindikana, nitakuita kabla ya kufuta.

MAMA: Na faili la programu umelitoa wapi?

FUNDI: Modeli yako imeachwa na kiwanda. Ninayo nakala niliyoisoma katika simu ya namba ile ile.

MAMA: Na ukiiharibu zaidi?

FUNDI: Nimeisoma na yako kwanza, nakala iko hapa. Ikishindikana, nitakurudishia ilivyokuwa, nawe utalipa kazi ya kupima tu.

MAMA: Vema, mwanangu. Andika hayo juu ya karatasi, nami nitakuachia.

Mwaona, wasomaji, mama huyu hajui kompyuta, lakini ajua kuuliza. Fundi ajibuye kwa hasira maswali hayo matatu, mchukulieni simu yenu mwende kwa mwingine. Kuuliza si ujinga.

Programu za kujitolea na faili za barabarani

Wanafunzi wengine wamesikia habari ya LineageOS na wauliza kama ni dawa. Ni kazi njema ya watu wa kujitolea. Ilizaliwa mwishoni mwa mwaka 2016, wakati mradi uliotangulia, CyanogenMod, ulipofungwa. Huzipa simu nyingi za zamani Android mpya kuliko ile ya kiwanda. Lakini yafaa kwa modeli zilizoorodheshwa tu. Ili kuitia, ni lazima kufungua kufuli ya programu ya kuamsha, na kufungua huko kwa kawaida hufuta vitu vyote. Tena programu nyingine za benki hukataa kufanya kazi juu yake.

Kwa nini simu nyingi za bei ndogo hazimo katika orodha hiyo? Sheria ya matumizi ya Linux yadai kwamba anayeigawa katika simu zake atoe pia maandishi ya kiini alichokitumia, ili wengine waweze kuyasoma na kuyatengeneza. Viwanda vingine hutii, vingine hunyamaza. Na pasipo maandishi hayo, hata mwenye kujitolea hana pa kuanzia.

Jihadharini pia na faili ziletwazo na watu msiowajua. Mwaka 2019 Google ilieleza wazi jinsi programu mbaya iitwayo Triada ilivyotiwa ndani ya programu ya msingi ya simu fulani kabla hazijafika dukani, kwa mkono wa mkandarasi aliyeaminiwa. Ikiwa hata kiwanda chaweza kudanganywa, itakuwaje faili isiyo na mwenyewe? Programu mbaya iliyomo katika msingi haiondolewi kwa kufuta vitu vya mwenye simu. Yakaa chini yake, kama mchwa chini ya sakafu.

Zipo simu ambazo hazitapona: ghala lenyewe limechakaa, likakataa kuandikwa. Fundi mwaminifu atawaambia hivyo, naye ataweza kutumia kioo na betri kwa simu nyingine. Betri msiitupe motoni kamwe, maana hulipuka.

Lakini kabla ya kuikata tamaa simu yoyote, kumbukeni methali ya wazee: usitupe mbachao kwa msala upitao.

Kazi ya juma hili, kwa wazazi na kwa wanafunzi: bonyezeni *#06# katika kila simu ya nyumbani, muiandike namba ya IMEI katika daftari, na kando yake namba ya modeli na toleo la Android. Kisha nakilini picha mzipendazo juu ya kadi au kompyuta ya mtu mwaminifu. Fanyeni hivyo leo, simu zingali zinaamka.